Bi Swafiya Aliruka kwa Makusudi

Nianze kwa kukiri, maana nikiliacha hili mwishoni nitajificha tena. Simu iliyomrekodi Bi Swafiya ilikuwa yangu, na mkono ulioishika ulikuwa wangu. Hudson alileta vishikwambi, Bwana Mugambi akaleta amri, lakini aliyekaa mbele yake wiki tatu akimwambia sogeza mikono kidogo, mwanga haufiki, ni mimi, mwalimu Keziah. Hudson simpendi na sina mpango wa kumpenda. Bwana Mugambi ni mwalimu mkuu wangu, namwamkia na kupita. Mimi mwenyewe mtanipima mkifika mbele.

Bi Swafiya ni mzaliwa wa Pate, na amefundisha watoto wa Gredi ya Pili hapa miaka kumi na tisa, tangu ikiitwa darasa la pili. Chuo cha ualimu hakukikanyaga. Alimaliza kidato cha nne, akaolewa, akaachika, akarudi kwa mamake kusuka mikeka. Mwaka huo shule haikuwa na mwalimu wa watoto wadogo, kwa sababu kila aliyepangiwa Pate kutoka bara alifika Amu, yaani Lamu mjini, akaulizia boti, akaangalia maji, akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Wazazi wakamshika Bi Swafiya awasaidie muhula mmoja. Muhula huo haujaisha mpaka leo. Serikali haimtambui, huajiriwa na halmashauri ya shule kwa barua ya mwaka mmoja, inayotoka kila Januari. Barua hiyo ndiyo kazi yake. Isipotoka, anakuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili anayesuka mikeka.

Si mtu mtamu. Nilipofika kutoka Nyamira, miaka tisa iliyopita, nililia siku nne mfululizo katika nyumba ya walimu. Siku ya tano akapiga hodi, hakungoja karibu, akasimama mlangoni akanitazama kama mtu anayekagua samaki wa jana.

"Hayo mayi ya mato yakikwisha, ndoo darasani," akasema. "Wana wanangoja."

Nikafuta machozi, nikanawa uso, nikaenda darasani. Jioni yake akanihamishia kwake, na nikakaa huko mwaka mzima nikila wali wake na kusikia masimango yake. Haya nayasema ili ijulikane deni nililokuwa nalo kwake.

Sasa msikilize namna alivyofundisha hesabu, kwa sababu kisa chote kinasimama hapo. Aliingia darasani na miyaa, yale majani makavu ya mti wa mkoma ambayo wanawake wa hapa huyachana na kuyasuka ukili, ule utepe mrefu ambao hushonwa ukawa mkeka. Aliketi chini, akagawa miyaa, akasuka huku akihesabu kwa sauti, na watoto wakasuka na kuhesabu naye. Hesabu zote zilikuwa sawa isipokuwa moja. Kila somo, mahali pamoja, aliruka kwa makusudi.

"Nane ongeza tano," angesema, uso umeinamia mikono, "kumi na mbili." Na akaendelea kusuka kana kwamba hakuna lililotokea.

Darasa zima lilimrukia. "Bi, umeruka!"

Yeye aliinua nyusi tu, kama anayeuliza wapi.

Kelele hazikumtosha. Mtoto aliyemkamata sharti aende mbele, auchukue ukili, aufumue jani kwa jani mpaka penye kosa, kisha alitamke jibu kwa kinywa chake. Bi Swafiya hakulirudia jibu hilo, wala hakusifu. Alisema neno moja tu, "Suka," na somo likaendelea.

Aliniambia siku moja kwamba hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyofundishwa kusuka. Mamake alipoona kosa hakusema liko wapi. Aliutupa ukili mapajani mwa binti yake, akaenda zake jikoni. Kufumua mpaka ulipoharibu ilikuwa kazi yako. Wanawake wa Pate karibu wote wamelelewa hivyo, na wengi wamefumua huku wanalia.

Watoto waliopita mikononi mwake walikuwa mbele kwa hesabu katika visiwa vyote, mwaka baada ya mwaka, na hilo ndilo lililomleta Hudson. Alikuwa kijana wa Nairobi mwenye viatu vyeupe katika mji wa punda. Shirika lake lilijiita Darasa Angavu. Alikuja na sanduku la vishikwambi, paneli za jua na maneno mengi. Akili mnemba, alisema, itamsoma mwalimu bora jinsi anavyofundisha, itajifunza kwake, kisha itamfundisha kila mtoto kwa mwendo wake, hata kwenye kisiwa kisicho na mwalimu. Sisemi uongo, maneno hayo yaliniingia. Najua shule ambayo mwalimu mmoja ana madarasa matatu, akiandika kwenye ubao wa hili anapigiwa kelele na lile. Kama mashine ingeweza kushika darasa moja kati ya hayo matatu, nani angekataa?

Siku ya kwanza Hudson alimwendea Bi Swafiya akitabasamu. "Mathe, wewe endelea tu kama kawaida. Mashine itajifunza yenyewe."

"Mimi si mamako," Bi Swafiya akasema. Akanigeukia mimi. "Na hao wana wa huko mbali, wakiniambia nimeruka, nitawasikia vipi?"

Hudson akacheka, akasema kishikwambi kina masikio kutushinda sote. Bi Swafiya akakataa uso wake kupigwa picha, akakubali mikono peke yake. Bado alisita kwenye karatasi ya idhini. Hapo nikatia maneno yangu. Nikamwambia atafundisha watoto wa visiwa vyote, hata wale ambao hatawaona maishani mwake.

"Weye unaamini?" akaniuliza.

Nikasema naamini. Akatia sahihi.

Baada ya wiki tatu nilimtumia Hudson rekodi zote. Akaniambia kwa fahari kwamba shirika lao linafuata sheria: sauti za watoto hazihifadhiwi bila idhini ya wazazi, kwa hiyo mashine imezifuta zote, hata kikohozi hakikubaki. Wazazi wenyewe hakuna aliyewauliza, na wanaishi hatua mia mbili kutoka shuleni. Nilisikia hayo na sikuyafikiria. Niliona ni jambo la adabu.

Mwezi wa Mei shule nne za visiwani zikagawiwa vishikwambi vyenye mwalimu wa katuni aitwaye Bi Miyaa. Alivaa buibui, akatabasamu muda wote, akasuka ukili huku akihesabu. Hudson alituletea kimoja tukione. Kidole cha shahada cha Bi Swafiya, cha mkono wa kulia, kimepinda tangu utotoni, na kwenye kioo kile kilipinda vilevile. Alikitazama kishikwambi kwa muda, kisha akakirudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Wameacha kitwa, wametwaa mikono," akasema, akijigusa kichwani.

Shule yetu ilikuwa ipate vyake mwezi wa Januari. Bwana Mugambi alitutangazia katika chumba cha walimu, kalamu sikioni, bila kumtazama anayemsema. Gredi ya Pili sasa itafundishwa na Bi Miyaa. Barua za walimu wa halmashauri zitategemea mahitaji. Kila mtu chumbani alielewa ni barua ya nani, na kila mtu akapata kitu cha kufanya kwenye daftari lake. Mimi nilisahihisha zoezi ambalo nilikuwa nimekwisha kulisahihisha.

Mwezi wa Novemba shirika likafanya hafla Amu, katika ukumbi mmoja karibu na gati. Walikuwepo wazazi, walimu, na afisa wa elimu aliyeitwa Bi Emily. Watoto wa shule mojawapo iliyotumia vishikwambi tangu Mei waliketishwa mbele. Watoto wetu kumi na wawili walikaa pembeni na Bi Swafiya, kwa sababu Hudson alitaka kuonyesha mbinu ilikotoka. Mimi nilikuwa safu ya pili, Bwana Mugambi kushoto kwangu.

Bi Miyaa akatokea kwenye skrini kubwa, akaanza kusuka. Hesabu ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu sawa. Kisha akasema, "Nane ongeza tano, kumi na mbili."

Watoto wetu wakainuka kwenye viti wakicheka, maana mchezo huo ni wao. "Bi, umeruka!"

Bi Miyaa akaendelea kusuka. Wakamwita tena, kwa sauti zaidi. Akaendelea kusuka, akitabasamu. Watoto wa ile shule nyingine wakageuka kuwatazama wetu kama watovu wa adabu. Hudson, ili kuokoa mambo, akawauliza wale wa mbele nane ongeza tano ni ngapi.

"Kumi na mbili," wakajibu pamoja, bila kusita.

Bi Emily akaweka chini chupa yake ya maji. Akawauliza yeye mwenyewe kumi na tano toa sita. Wakasema nane. Akauliza nyingine mbili, zikajibiwa vizuri, kisha ya tatu ikajibiwa vibaya. Kila somo moja lilikuwa na kosa lake, na miezi hiyo yote watoto walikuwa wameyameza makosa hayo pamoja na yaliyo sahihi.

Kilichofuata sijamsamehe Hudson. Alifungua kompyuta yake akasema mashine haitungi kitu, inajifunza ilichopewa. Kisha akaicheza sauti ya Bi Swafiya ukumbi mzima usikie. "Nane ongeza tano. Kumi na mbili." Baada yake, kimya, halafu neno "Suka," halafu hesabu nyingine. Akacheza kosa la pili na la tatu.

"Mwalimu huyu hana mafunzo rasmi," akasema kwa upole, ule upole wa mtu anayekuzika. "Ni kosa letu kumwamini."

Bi Swafiya akasimama. "Wana wangu wako wapi?"

Hudson hakuelewa. Akanyoosha mkono kuelekea wale kumi na wawili.

"Siwo hawa walioketi. Waliokuwa humo ndani, wakinijibu."

"Ah, zile zilikuwa kelele. Tulisafisha."

"Mumewafuta wana, mumebakisha kosa," akasema Bi Swafiya. Kisha akanitazama.

Alichohitaji ni mimi kusimama tu. Niseme nilikuwepo, nilisikia watoto wakijibu, na rekodi nzima ninayo kwenye simu. Simu ilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Na fomu yangu ya uhamisho wa kurudi Nyamira, niliyoingoja miaka tisa, ilikuwa juu ya meza ya Bwana Mugambi ikingoja sahihi yake. Bwana Mugambi akakohoa kidogo. Nikatazama viatu vyangu. Niliogopa, hakuna neno jingine, na niliendelea kuogopa mpaka Bi Swafiya alipowakusanya watoto akatoka nao kuelekea botini.

Januari vishikwambi vikaja vilevile, marekebisho yakiahidiwa baadaye, na barua yake haikutoka. Ripoti ilisema tatizo lilikuwa mwalimu wa awali asiyehitimu. Fomu yangu ilitiwa sahihi wiki hiyohiyo, na nikaikunja nikaiweka ndani ya Biblia yangu, wala sikuona haya kuiweka humo.

Nilikwenda kwake siku ya Jumamosi na sukari kilo mbili, kama mtu aendaye matangani. Alikuwa ameketi kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, anasuka. Akajibu salamu yangu, wala hakuinua uso.

"Bi Swafiya, nimekuja kukupa pole," nikaanza.

Akautupa ukili mapajani mwangu, akainuka, akaingia jikoni.

Nilijua maana yake, mwaka niliokaa kwake nilitupiwa ukili mara nyingi. Nikautazama jani kwa jani. Sikuona kosa. Nikaanza kufumua. Miyaa ilikuwa imekauka na ikanichoma vidole, nami sikuwa mwepesi wa kazi hiyo hata zamani. Nikafumua pima moja, nikafumua ya pili, watu wakipita na punda wao wakinisalimia na kushangaa mwalimu amekosa nini. Alipotoka jikoni, adhuhuri imeadhiniwa, nilikuwa bado natafuta.

"Sijaona uliporuka," nikamwambia.

"Mimi sikuruka. Ukili huo ulikuwa mzima."

Nikabaki na rundo la majani mapajani. Nilikasirika, nikataka kuuliza basi kazi yote hii ya nini, na kabla sijafungua kinywa nikajua. "Niliruka mimi," nikasema. "Kule ukumbini. Sauti za watoto zilikuwa mkobani mwangu, nikanyamaza kwa ajili ya uhamisho."

Aliketi, akaviokota vipande vya ukili wake, akaangalia nilivyouharibu.

"Suka," akasema.

Jumatatu nilipanda boti ya kwanza kwenda Amu, nikaingia ofisini kwa Bi Emily, nikaweka simu mezani. "Bi, umeruka!" zikatoka sauti thelathini, mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia. Bi Emily akasikiliza masomo manne mpaka mwisho: kosa, kelele, mtoto anayefumua, jibu sahihi, halafu lile neno moja la mwalimu. Hakunipongeza.

"Siku ile ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Safu ya pili."

"Na simu?"

"Mkobani."

Akayaandika hayo pia.

Bwana Mugambi aliposikia nimemruka nikaenda kwa Bi Emily, akasema fomu yangu ina kasoro, akaitaka irudi kwake, na mpaka leo inashughulikiwa. Bado niko Pate. Shirika likaandika kwamba data ilikuwa na upungufu. Kumwomba Bi Swafiya radhi hawakuona haja. Mwezi wa Februari barua yake ikatoka, ya mwaka mmoja kama kawaida, ila haikusema mwalimu. Ilisema msimamizi wa vishikwambi, Gredi ya Pili. Nilidhani ataichana. Aliisoma, akaikunja, akaingia darasani na miyaa yake.

Alikisimamisha kishikwambi juu ya meza ya mwalimu, akamwasha Bi Miyaa, yuleyule wa zamani na makosa yake yote. Kisha akaketi chini katikati ya watoto, kama mwanafunzi.

"Huyu mwalimu wetu mpya huruka," akawaambia. "Na hasikii. Kwa hiyo mutanambia mimi."

Tangu siku hiyo darasa hilo linamwinda Bi Miyaa. Anayemkamata anafumua ukili mbele ya wenzake, na Bi Swafiya anasema lake. Miezi yote ile, hii ndiyo mara ya kwanza niliona kitu kile kinawafaa watoto wa Pate, na kilifaa kwa sababu kulikuwa na mtu mzima sakafuni wa kuwasikia.

Mwezi wa Machi Hudson akarudi, viatu vingine vyeupe. Alikuwa na Bi Miyaa aliyerekebishwa, hana kosa hata moja, na alitaka kumwondoa yule wa zamani. Bi Swafiya akakichukua kishikwambi mezani, akakikumbatia.

"Mukimtengeneza, wana wangu watamkamata nani?"

"Lakini Bi Swafiya," Hudson akasema, na angalau safari hii alimwita hivyo, "hayo ni makosa."

"Nayajua. Ni yangu."

Hudson akanitazama nimsaidie. Nilikuwa mlangoni, chaki mkononi, na sikuwa na fomu ya kuogopea tena. Nikamwambia nilikuwepo siku zote za kurekodi na nawakumbuka wote aliowafuta. Nane ongeza tano, aliyesema kumi na tatu ni Asmaa. Kumi na tano toa sita, aliyesema kenda ni Madi, tena alifumua mpaka mwanzo kwa sababu hakutaka kukosea. Saba mara mbili ilikuwa ya Sundus. Nikaendelea, jina kwa jina, naye akavuta kompyuta akaanza kuandika, labda kwa aibu, labda kwa kazi, siwezi kujua. Alipofika jina la kumi aliinua kichwa, akauliza wazazi wa hawa watoto atawapata wapi awaombe idhini.

Nikamwonyesha nyumba zao kupitia dirisha. Ni hatua mia mbili kutoka hapo.